Muulize Karani: Dumu la asali ni la Sachin au la Lara?

Mhariri alinipa barua tisa mwezi huu, sita za pensheni na tatu za kriketi. Za pensheni zitasubiri toleo lijalo, maana zimesubiri miaka na haziozi. Za kriketi zina asali ndani yake, kwa hiyo nimezitanguliza.

SWALI: Shikamoo Mzee Karani. Nina duka la spea za baiskeli hapa Tabora mjini. Nilisoma Pune, India, miaka minne, nikarudi na cheti pamoja na ugonjwa wa kriketi. Shemeji yangu anafuga nyuki Sikonge. Yeye kriketi ameijulia dukani kwa Muhindi mmoja aliyekuwa akimpelekea asali. Kila akienda anakuta televisheni imewashwa, anakaa, anasahau hata kudai hela yake. Mimi nasema mpigaji bora wa zama zile, yaani miaka ya tisini kuingia elfu mbili, ni Sachin Tendulkar wa India. Yeye anasema Brian Lara wa West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, na sababu yake kubwa ni kwamba Lara ni mashoto kama yeye. Tumewekeana dumu la asali la lita 20. Akishindwa, ananipa bure. Nikishindwa, nalinunua kwa bei ya Dar es Salaam. Tumekubaliana mwamuzi uwe wewe. Tafadhali Mzee, usituambie wote walikuwa wazuri. — *Muuza spea, Isevya*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mpe pole shemeji yako, maana dau lenyewe limepinda. Yeye akishinda anauza asali, kazi anayoifanya kila siku. Akishindwa, asali aliyoirina usiku porini inaondoka bure. Wewe ukishinda unalamba asali, ukishindwa unalamba asali. Kweli wewe ni mtu wa duka.

Pili, hukuandika mnabishania mechi zipi, na mimi nilifanya kazi reli, mzigo usio na lebo siupokei. Kama ni mechi za siku moja, funga mjadala, kachukue dumu lako leo. Sachin alicheza 463, akapiga mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 18,426, mara 49 akifikisha mia au kuipita. Februari 2010 pale Gwalior, dhidi ya Afrika Kusini, alikuwa mwanamume wa kwanza kufikisha 200 katika mechi ya namna hiyo, na wakati huo alikuwa na miaka 36, umri ambao wenzake wengi wanatangaza mechi, hawachezi. Mwaka 1998 kule Sharjah aliwapiga Australia 143 siku ambayo dhoruba ya mchanga ilisimamisha mchezo, kisha baada ya siku moja akawapiga 134, siku aliyotimiza miaka 25. Lara alikuwa mkali sana katika mechi hizo, lakini hapo hapandi mzani mmoja na Sachin, na hata shemeji yako akilia na nyuki wake sibadili.

Lakini nakujua. Mtu aliyekaa Pune miaka minne hawezi kuweka lita 20 kwa ajili ya mechi ya siku moja. Mnabishania Testi, ile ya siku tano. Basi hapo tuinue karatasi.

Wasiojua kwa nini naitwa Karani, kwa ufupi ni hivi. Mwaka 1973 nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Tabora, kijana wa shati moja jeupe. Mkubwa wangu wa kazi, Mgoa, aliona mwandiko wangu kwenye hati za mizigo akasema, "Jumapili njoo uwanjani, uje na penseli mbili." Nilidhani kuna behewa limepotea. Nikakuta vijana wa Kihindi wa mjini, Wagoa wawili na walimu watatu wamevaa nyeupe tupu, wametandika mkeka wa katani juu ya ardhi ngumu na kuukaza pembe zote kwa misumari ya reli. Mpira ukigonga mshono wa mkeka uliruka kama panzi. Nikawekewa meza chini ya mwembe, na daftari kubwa lenye mistari kuliko leja ya benki. Kuanzia siku ile nimeandika kriketi zaidi ya miaka ishirini bila kushika bati hata mara moja. (Bati ndilo lile wanalopigia mpira. Mama yangu aliposikia nashinda kwenye mabati kila Jumapili alifikiri naezeka nyumba, akafurahi sana. Sikumtoa furaha.)

Sasa, jambo ambalo mtazamaji wa televisheni halijui ni kwamba karani wa kriketi anaandika kila mpira mara mbili. Mkimbio mmoja unauandika kwenye mstari wa mpigaji, kisha unauandika tena kwenye mstari wa mrushaji. Jioni pande mbili lazima zilingane, sawasawa na hati ya mizigo, magunia yaliyopakiwa Dar yalingane na yaliyoshushwa Kigoma. Yasipolingana hulali. Kwa hiyo mimi nikiulizwa nani alikuwa bora, siangalii mstari wake peke yake. Naangalia juu yake, chini yake, na upande wa pili wa karatasi.

Mstari wa peke yake unasema hivi. Sachin: Testi 200, mikimbio 15,921, wastani 53.78, mia 51. Lara: Testi 131, mikimbio 11,953, wastani 52.88, mia 34. Najua umeanza kucheka, lakini subiri. Tofauti ya wastani haifiki mkimbio mmoja. Na zile mia, ukizigawa kwa idadi ya mechi, Lara alipata moja katika kila mechi 3.85 na Sachin katika kila mechi 3.92. Ukizigawa kwa zamu za kupiga, ambazo kwa Lara ni 232 na kwa Sachin ni 329, Sachin anapita mbele. Chagua kigawanyo, utapata mshindi unayemtaka. Ndiyo maana sipendi ubishi wa wastani. Ingekuwa wastani ndio mwamuzi, dumu lingekwenda kwa Jacques Kallis wa Afrika Kusini mwenye 55.37, na katika maisha yangu sijaona watu wakiwekeana hata kopo la karanga kwa ajili ya Kallis. Mtu mzuri, lakini ndivyo ilivyo.

Shemeji yako atakuletea zile namba kubwa: 375 dhidi ya Uingereza kule Antigua Aprili 1994, akiivunja 365 ya Garfield Sobers iliyodumu tangu 1958, miezi miwili haijaisha akapiga 501 pasipo kutolewa, akiichezea Warwickshire dhidi ya Durham, na Matthew Hayden alipomnyang'anya rekodi ya Testi mwaka 2003 kwa 380, Lara akangoja miezi sita tu, akarudi Antigua, Waingereza walewale, akapiga 400. Hakuna mwingine aliyefika 400 katika Testi. Ni kweli yote. Ila 400 ile mechi haikuwa na mshindi, ikaishia sare, kwa hiyo kama ushahidi wa dau mimi naiweka pembeni.

Mimi naamua kwa kurasa mbili za mwaka mmoja, 1999.

Ukurasa wa kwanza ni Chennai, mwisho wa Januari, India na Pakistan. India walitakiwa kupata 271 washinde. Wiketi tano zikaanguka kwa 82, yaani wapigaji watano wametoka timu ikiwa na mikimbio 82, na wakitoka kumi zamu imekwisha. Sachin akabaki na mlinda wiketi wao (anayedaka nyuma ya mpigaji), Nayan Mongia, wakajenga mikimbio 136 wawili hao, na mgongo wa Sachin ukawa unamuuma mpaka kila akipiga anajikunja. Niliifuata kwa redio, nikawa naandika kadiri nilivyosikia. Yeye mwenyewe alifikisha 136. Ikabaki mikimbio 17, wiketi nne mkononi. Saqlain Mushtaq akarusha, Sachin akainua, akadakwa. Zile wiketi tatu zilizobaki ziliongeza mikimbio minne tu. India wakafa kwa pungufu ya mikimbio 12.

Ukurasa wa pili ni Bridgetown, Barbados, Machi 30, miezi miwili baadaye, West Indies na Australia. Hapo sikutegemea redio. Rafiki yangu mmoja muuza vifaa vya ujenzi alikuwa na dishi juu ya paa. Barbados iko nyuma yetu saa saba, kwa hiyo wao wakianza saa nne asubuhi kwetu ni saa kumi na moja jioni. Akafunga duka, akaacha mlango nusu, tukakaa juu ya mifuko ya saruji, watu sita na birika la chai ya tangawizi. Nilikuwa na daftari la shule nililolipiga mistari mwenyewe.

Ujue hali ya Lara wakati huo. Alikuwa nahodha wa timu iliyotoka Afrika Kusini ikiwa imefungwa Testi tano kati ya tano. Wakarudi nyumbani, mechi ya kwanza na Australia pale Port of Spain wakatolewa wote kwa mikimbio 51. Hamsini na moja! Hata sisi wa mkeka wa misumari tulikuwa tunapita hapo. Mechi ya pili, Kingston, Lara akapiga 213 wakashinda, watu wakasema bahati. Sasa hii ya tatu Australia wamepiga 490 katika zamu ya kwanza, Steve Waugh peke yake 199, na West Indies wanatakiwa 308 washinde, mbele ya warushaji McGrath, Gillespie, Warne na MacGill. Wiketi tano zimeanguka kwa 105.

Ukurasa huo ninao mpaka leo, ndani ya kopo la biskuti. Madaftari yetu yote ya uwanjani yaliliwa na mchwa, na mchwa wa Tabora hawachagui, wamekula na cheti changu cha ndoa. Lakini hilo lilinusurika kwa sababu lilikuwa na kifuniko. Mstari wa Lara umejaa ukagusa ukingo, nikapanda juu nikaendeleza kwa herufi ndogo. Chini yake kuna watu wanaingia na kutoka. Ilipofika 248 wiketi nane zimekwisha. Akaja Curtly Ambrose, mrushaji, mtu mrefu asiye na habari na bati, akakaa. Wakaongeza 54 pamoja. Kwenye mstari wa Ambrose kuna vidoti, vidoti, vidoti, kama mvua ya rasharasha kwenye vumbi. Kidoti ni mpira usiozaa kitu. Lara alikuwa anahesabu mipira ya kila ova, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja, ili Ambrose asikutane na mingi.

Hapo katikati ndipo lilipotokea la kutokea. Penseli yangu ilikuwa imevunjika ncha, nikaazima biki ya mwenye duka ya kuandikia risiti. Gillespie akarusha, mpira ukagusa ukingo wa bati la Lara ukaenda kwa Ian Healy, mlinda wiketi wa Australia, mtu ambaye mikono yake ilikuwa kama mfuko wa posta. Akaruka. Mkono wangu ukatangulia macho yangu. Nikaandika kwa biki, kwenye mstari wa Lara: *kdk. Healy, rsh. Gillespie*. Kadakwa na Healy, karusha Gillespie. Nilipoinua kichwa, kila mtu kasimama juu ya saruji anapiga kelele, na mpira uko chini kwenye nyasi.

Biki haifutiki kwa raba. Mwenye duka akanipa wembe, nikakwangua. Nikakwangua mno kwa kutetemeka. Pale kwenye mstari wa Lara pana tundu. Ukiinua karatasi juani mwanga unapita.

Muda si muda Ambrose akatoka, imebaki mikimbio 6, akaja Courtney Walsh. Kuhusu Walsh nikwambie kitu. Kule kwenye kriketi, mpigaji akitoka na sifuri wanasema kapata bata. Walsh katika Testi alikula bata mara 43, na si kwa maana ya vijana wa Dar. Huyo ndiye aliyebaki kati ya Lara na kushindwa. Walsh akaweka bati lake chini mbele ya wiketi kama mtu anayezuia mlango wa choo usiosokomezeka, akanusurika vidoti vyake vichache, na Lara akapiga nne. Mia na hamsini na tatu, hajatolewa. West Indies 311 kwa wiketi 9.

Sasa weka kurasa mbili ubavu kwa ubavu. Wote wawili walibaki peke yao na timu mgongoni. Wote wawili walicheza mbele ya warushaji wa kuogopesha. Sachin alikuwa na mgongo mbovu, na mrushaji wake alikuwa na mpira unaozunguka upande usioutegemea. Kama ungenizuia pale ilipobaki mikimbio 17, ningekuambia Sachin amecheza vizuri zaidi, na silifuti neno hilo. Lakini alitoka. Lara alibaki mpaka mtu wa mwisho, akamficha Ambrose, akamficha Walsh, akaumaliza mwenyewe.

Utaniambia, "Mzee, Healy angedaka je?" Nami nitakujibu daftari la kriketi lina safu ya mikimbio, safu ya wiketi, safu ya mipira iliyokosewa, halina safu ya bahati. Mimi peke yangu ninayo, nayo ni lile tundu.

Kuna la ziada linalonisukuma upande wa Lara, na ni ile tabia ya kuangalia mistari ya jirani. Mwaka 2001 alikwenda Sri Lanka, Testi tatu, akapiga mikimbio 688 mbele ya mrushaji wao Muralitharan, nyumbani kwake. Katika mechi moja ya Colombo alipiga 221, kisha 130. Walifungwa mechi zote tatu, na hiyo ya 221 na 130 walifungwa kwa wiketi 10, yaani wapinzani hawakupoteza hata mpigaji mmoja katika zamu ya mwisho. Hebu fikiria mistari ya wenzake ilikuwaje. Sachin naye katika miaka ya tisini alibeba hivyo hivyo, watu India walizima televisheni akitoka. Lakini baadaye alizungukwa na Dravid, Laxman, Ganguly na Sehwag, akawa na watu wa kumshikia mzigo. Lara alikuwa na kina Chanderpaul kwa vipindi, basi.

Kwa hiyo kwa Testi, kwa zama mlizotaja, hukumu yangu ni Brian Lara, na amemshinda Sachin kwa upana wa glavu ya Healy. Kanunue asali. Na bei ya Dar es Salaam iwe ya sokoni, isiwe ile ya maduka ya watalii, shemeji asikuonee.

SWALI: Mzee Karani, habari za Tabora? Mimi niko Ujiji, Kigoma, lakini nilikaa Nairobi miaka kumi na mbili. Kila nikisoma mnabishana ni Sachin na Lara, Sachin na Lara, kama vile huku kwetu hakujawahi kuzaliwa mtu. Steve Tikolo wa Kenya mnamweka wapi? — *Mama wa watatu, Ujiji*

JIBU: Salama dada yangu, na huko ziwani hamjambo? Umenishika pabaya, kwa sababu Tikolo nilimwandika na sikumtaja.

Tikolo hakucheza Testi hata moja. Kenya hawakupewa hadhi hiyo, kwa hiyo ukurasa wake wa Testi ni mweupe kama shati langu la 1973, na mtu asiye na ukurasa huwezi kumpanga na Lara kwa haki. Lakini mpigaji bora wa Afrika Mashariki katika zama hizo? Hapo sihitaji hata kufungua kopo la biskuti. Machi 1996 kule Kandy, Sri Lanka waliwapiga Kenya 398, namba ambayo wakati ule mechi ya siku moja haikuwahi kuiona. Timu nyingi zingekunja virago. Tikolo akaingia akapiga 96, anacheka. Mwaka uliofuata, fainali ya kombe la nchi zisizo na Testi, Kuala Lumpur, akawapiga Bangladesh 147, ingawa Bangladesh ndio waliondoka na kombe. Mwaka 2003 aliiongoza Kenya mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia. Nusu fainali, dada, nchi isiyo na Testi. India wakawatoa pale Durban, na Sachin siku hiyo alipiga 83.

Na kuna moja la kumfikishia yule muuza spea wa Isevya. Februari 29, 1996, Kombe la Dunia, mji uleule wa Pune alikosoma, Kenya walipiga 166 tu. Hiyo si namba ya kuwatisha West Indies. Tikolo ndiye aliyeongoza kwa mikimbio 29, ushangae. Lara akaingia, watu wakakaa vizuri wamwone. Rajab Ali akarusha, Lara akagusa, Tariq Iqbal nyuma ya wiketi akadaka. Mikimbio 8. West Indies wote wakaisha kwa 93, Maurice Odumbe akichukua wiketi tatu. Lara yuleyule niliyempa asali hapo juu.

Tukisema kwetu, tusiishie Nairobi. Kombe la Dunia la wanaume la kwanza kabisa, Uingereza 1975, ilikwenda timu iliyoitwa Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwenye kapu moja, nahodha Harilal Shah. Nilikuwa na miaka miwili tu mezani chini ya mwembe, na uwanja mzima wa Tabora ulihamia kwenye redio ya Mgoa wangu. Siku ya kwanza Glenn Turner wa New Zealand akatupiga 171, hatukumtoa. Sisi tukamaliza ova zote 60 na mikimbio 128. Mkubwa wangu alizima redio, akakaa kimya, kisha akasema, "Angalau tumemaliza ova." Siku ileile, uwanja mwingine, Sunil Gavaskar wa India, mpigaji wa kuheshimika duniani, alikaa ova zote 60 dhidi ya Uingereza akapata mikimbio 36. Tulipolisikia hilo tulijiona si wabaya sana. Siku nne baadaye India wakakutana nasi, Gavaskar huyohuyo akatupiga 65 bila kutoka, haraka haraka, kama mtu aliyekumbuka ana basi la kuwahi. Tulifungwa kwa wiketi 10.

Basi, Tikolo nimemweka juu kabisa ya ukurasa wa kwetu, dada yangu.

SWALI: Shikamoo Babu Karani. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Tabora. Mwalimu wa hesabu alisema Don Bradman wa Australia alikuwa na wastani wa 99.94. Kama ni hivyo mbona watu wanabishana kuhusu wengine? Na wastani wa kriketi unapigwaje, maana nimejaribu kwa mikimbio na mechi haiji? Pia tumeanza kucheza kwa mpira wa tenisi na bati tulilochonga kwa fundi seremala, ila kila siku tunagombana namba. — *Mchezaji, Cheyo*

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Bradman hatuweki kwenye ubishi kwa sababu akiingia hakuna ubishi. Ndiyo maana watu husema "wa zama fulani," wapate nafasi ya kugombana.

Hesabu yako haiji kwa sababu umegawa kwa mechi. Kriketi inagawa kwa idadi ya mara mtu *alizotolewa*. Bradman alipiga mikimbio 6,996 katika zamu 80, na zamu 10 kati ya hizo hakutolewa. Kwa hiyo alitolewa mara 70. Gawa, utapata 99.94. Alipoingia kwa mara ya mwisho, London 1948, alihitaji mikimbio minne tu afikishe wastani wa 100 kamili. Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili, sifuri. Bata.

Kuhusu ugomvi wenu: mchagueni mmoja asiyecheza, mwenye mwandiko, akae mbali na timu zote mbili, chini ya kivuli. Apige mistari mapema, nusu ya kurasa ya wapigaji na nusu ya warushaji, na kila baada ya ova moja ahesabu pande zote mbili kabla hamjaendelea, msisubiri jioni. Asiandike mtu katolewa mpaka mwamuzi ainue kidole. Na aje na penseli mbili zilizochongwa na raba. Akikosa penseli, mechi isubiri.